Ukurasa wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na mtoto ameletwa leo asubuhi, na sijui kipi kitanimaliza mapema. Mwanangu ameondoka jana na lori la saruji. Hatarudi kabla ya wiki sita. Mkewe amehamishiwa zamu ya mchana katika kiwanda cha kushona sare. Basi mjukuu wangu, miaka mitatu na miezi minne, atashinda kwangu mpaka mvua ziishe.

Tunamwita Jaji. Ukimwambia jambo hugeuza kichwa upande, akakutazama kama anapima ushahidi, kisha ndipo anatoa hukumu. Hukumu ya leo: "Nyumba ya Bibi inanuka magazeti."

Nimewavua nguo mawaziri watatu gazetini na sikukosa usingizi hata siku moja. Leo nimemkatia mtoto ndizi vipande vidogo kama vya kulishia ndege, halafu nikakaa kumkodolea macho kila alipomeza. Mbona hakuna aliyewahi kuniambia kwamba koo la mtoto ni jembamba namna ile? Nimelea mmoja, lakini nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na umri ule mtu haogopi kitu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Amejigonga kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Jumatano, 5 Machi

Nimepekua rafu zangu zote. Vitabu elfu na ushei, na chenye picha ni kamusi ya mimea tu. Jaji amekaa nayo saa nzima akaamua kwamba majani yote ni yale yale. Mkutubi wa maktaba ya mtaa ameniazima vitabu vitatu vya picha, akacheka mpaka akashika meza. "Mwandishi, wewe ndiye uliyesema vitabu hivi ni peremende za ubongo!"

Nilisema. Na sijafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu cha kwanza kinamhusu bata mdogo anayeogopa madimbwi. Kila ukifungua, kurasa mbili zinafanya picha moja: kushoto mama bata na mwavuli wake mwekundu, kulia bata mdogo na dimbwi. Nilimpakata Jaji paja la kulia, bega lake la kushoto limeniegemea kifuani, kitabu kati yetu. Tumekisoma mara nne. Kila mara kidole chake kilitua ukurasa wa kulia: dimbwi, chura, bata mdogo. Halafu akauliza:

"Mama yake yuko wapi?"

Sikumwonyesha. Nilitaka kusikia atasema nini.

"Amepotea," alisema. "Bata anaogopa kwa sababu mama amepotea."

Mtoto wa miaka mitatu! Kuna wahakiki waliozeeka magazetini ambao hawajawahi kusema neno lenye akili kiasi hicho. Mchoraji amemweka mama pale pale, na mwavuli mwekundu kama taa ya barabarani, na mtoto anampita, anamtafuta nje ya kitabu. Hapa kuna jambo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa ya hadithi maktabani. Koo la mkutubi limekauka, akaniomba nisome mimi. Watoto saba kwenye mkeka, paa la bati linanguruma kwa mvua, nimesoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Wawili walilia. Jaji alikuwa ubavuni mwangu, na tena: kulia, kulia, kulia.

Nilimwambia mkutubi kwamba nimegundua kitu. Watoto huanzia ukurasa wa kulia; viwanda vya vitabu vinawapangia picha kinyume na asili yao.

"Hawa wangu wanaanza popote," alisema. "Yule pale ameanzia jalada la nyuma."

"Hao wameshaharibiwa na shule."

"Shule? Ana miaka miwili na nusu."

"Basi ameharibiwa nyumbani."

Jumatatu, 10 Machi

Mkaza mwanangu alipokuja kumchukua mtoto alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika.

"Mama, naona Jaji anajigonga sana siku hizi. Bega hili hili."

"Watoto hujigonga."

"Upande mmoja, Mama?"

Nilimwambia kwamba mtu anayeshinda akitazama tundu la sindano akifika nyumbani huona matundu kila mahali. Alinyamaza. Binti huyu hanyamazi kwa kukubali, hunyamaza kwa adabu, na hilo huniudhi kuliko ubishi. Miaka mitano ndani ya familia yetu na sijamwona na kitabu mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemaliza makala. "Mtoto Huanzia Kulia." Maneno elfu moja na mia mbili, Jaji na bata wake wamo, nimeyaandika kwa kikao kimoja mtoto akiwa amelala. Mhariri amepiga simu akishangilia: "Dada, hii itawasha moto!"

Jumapili, 16 Machi

Imetoka. Muuza magazeti wa kona amenikatia ukurasa akaubandika kwenye kibanda chake.

Jumatano, 19 Machi

Mhariri amenitumia barua ya fundi miwani mmoja, mzee mwenye chumba karibu na stendi ya mabasi. Mistari mitatu tu. "Kabla mwandishi hajavishitaki viwanda vya vitabu, naomba amfunike mtoto huyo jicho moja, kisha la pili. Ni kazi ya dakika moja. Nitafurahi nikikosea."

Nitamjibu Jumapili.

Jumapili, 23 Machi

Nimemjibu. Nimeandika kwamba fundi miwani akikutana na mtoto haoni mtoto, anaona pua ya kuwekea bidhaa. Nimeandika kwamba hatua ya pili atatwambia tuwavalishe miwani hata bata. Mtaa mzima umecheka. Nilipopita mbele ya chumba chake alikuwa amesimama kizingitini, akaninyanyulia kofia. Dharau, bila shaka.

Alhamisi, 27 Machi

Saa tisa alasiri mbingu ilifunga kabisa, na umeme ukakatika. Nikawasha tochi, tukaendelea na bata. Jaji alikuwa amekaa sakafuni mbele yangu. Tulifika pale bata anapotumbukiza mguu. Akainua uso kunitazama, mwanga ukampata usoni.

Jicho la kulia lilikuwa jeusi, jicho la mtoto. La kushoto liling'aa. Jeupe lenye umanjano kidogo, kama jicho la paka barabarani gari linapomulika.

"Soma, Bibi," alisema.

Nilisoma. Sikumbuki nilisoma nini.

Ijumaa, 28 Machi

Ilikuwa tochi. Betri zimechoka.

Jumamosi, 29 Machi

Sikwenda maktabani. Nimemwambia mkutubi nina mafua. Sina mafua.

Jumapili, 30 Machi

Jaji yuko kwao leo. Nimefungua picha zote zilizomo kwenye simu yangu, tangu mwaka juzi. Zilizopigwa kwa taa ya simu ni kumi na tisa. Katika saba kati ya hizo jicho la kushoto ni jeupe. Ya kwanza ni ya mwezi wa kumi na mbili, amevaa gauni la njano, amegeuza kichwa. Chini yake niliandika mwenyewe: "Mheshimiwa anatafakari."

Kichwa kile! Alikuwa anakigeuza ili jicho zima litufikie. Sisi tukampa jina.

Naandika vibaya.

Jumatatu, 31 Machi

Nimefanya ile kazi ya dakika moja.

Nilimsubiri mpaka saa sita mchana. Mvua ilikuwa imepumzika na jua limejaa sebule. Nikamwambia tucheze. Nilimfunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikamuuliza anaona nini.

"Bibi. Na bata. Na kucha ya Bibi chafu."

Tukacheka. Nikahamisha kiganja. Nikafunika la kulia.

Akaacha kucheka.

"Bibi, nani kazima taa?"

Nilisema mimi. Nilisema nimeizima mimi, nitaiwasha sasa hivi. Akashika kiganja changu kwa mikono yote miwili, akakibandua usoni kwake kwa nguvu, akanitazama kwa hasira. "Usizime tena."

Nimemfunga mgongoni kama mtoto mchanga, nikachukua mwavuli, nikaenda stendi. Fundi miwani alikuwa anakaza skrubu. Aliniona, akamwona mtoto, akaweka bisibisi chini. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani; badala yake nikaanza kumfungua mtoto mgongoni.

"Karibu, Bibi Jaji," alisema. "Keti. Nipe mtoto."

Alimmulika kwa taa ndogo kutoka mbali, kisha kutoka karibu. Alimwimbia kitu chini chini. Halafu akazima taa, akachukua karatasi, akaandika jina la hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto na chumba cha kwenda.

"Sio kazi yangu tena hii. Nendeni kesho."

"Ni mtoto wa jicho? Niambie ni mtoto wa jicho, Mzee."

"Sijui ni nini. Ninachojua ni kwamba kingekuwa kitu cha kusubiri, ningekwambia msubiri."

"Kuna ubaya gani kama—"

"Mama," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa kali, "wewe ni mtu wa maneno mengi. Leo yaache. Nenda."

Mkaza mwanangu alipofika jioni nilimkalisha. Nilimweleza yote: tochi, picha, kiganja, karatasi. Nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa kwa matusi, na Mungu anajua nilistahili. Alisikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja cha Jaji.

"Uliona lini, Mama?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

Alimvalisha mtoto kile kiatu, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga upya.

Jumanne, 1 Aprili

Daraja limefungwa. Mto umebeba nguzo moja usiku, mabasi hayavuki. Tumerudishwa kutoka stendi na mifuko yetu.

Saa nane mhariri akapiga simu, furaha tele. Barua ishirini na sita zimekuja kuhusu makala yangu! Akanisomea moja aliyoiona tamu. "Mwanangu naye huanzia kulia. Nilikuwa na wasiwasi, na mume wangu alitaka tumpeleke hospitali. Makala yako imenitoa hofu. Ni mimi, mama mmoja anayekushukuru."

"Anwani yake?"

"Hana anwani. Vipi, Dada?"

Nimemwambia mtoto wangu ni mgonjwa, nimekosea, achapishe kesho kwamba nimekosea. Akasema tusikurupuke, tusubiri daktari aseme. Nikamwita majina. Akakata simu.

Sasa nina watoto wawili wa kuogopea, na mmoja wao simjui hata sura.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Daraja limefungwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Daraja. Mkaza mwanangu ameacha kwenda kazini. Anakaa na Jaji dirishani, anamsimulia kila kinachopita barabarani, na kila mara anamgeuza taratibu ili vitu vimtokee upande wa kulia. Sikumfundisha mimi. Wala hakumfundisha mtu.

Nimemwambia, "Ulikuwa umeona. Ile Jumatatu mlangoni, ulikuwa umeona."

"Niliona bega, Mama. Sikuona jicho."

"Kwa nini hukunibishia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani anakubishia wewe?"

Ijumaa, 4 Aprili

Tumevuka kwa miguu. Mafundi wametandika mbao pale nguzo ilipong'oka, watu kumi kumi, mizigo kichwani. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali na yalipita chini yetu kwa sauti ambayo bado naisikia. Mkaza mwanangu alimbeba Jaji mbele, kifuani, uso wa mtoto umefunikwa kwa kitenge. Mimi nilikuwa nyuma. Nilitazama visigino vyake tu. Nikajiambia, visigino vikisimama nami nasimama, vikienda naenda.

Mwanangu alikuwa ng'ambo. Alikuwa amekwama huko na lori lake tangu Jumanne. Alimpokea mtoto, akamnyanyua juu, akamwuliza, "Mheshimiwa, kesi yangu lini?"

Jaji akageuza kichwa. "Baba ananuka lori."

Mwanangu alicheka, halafu akaona sisi wawili hatucheki.

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari ni binti mdogo kuliko mwanangu, viatu vya raba, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Wamempima Jaji asubuhi nzima, wamemlaza kwa dawa ili wamtazame ndani. Saa nane alituita watatu.

Ni saratani. Imo ndani ya jicho la kushoto na imelijaza. Jicho hilo halioni chochote na halitaona tena. La kulia ni safi. Jicho la kushoto lazima litolewe lote, tena upesi, kwa sababu ugonjwa huu hufuata mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Wakishalitoa watalipeleka maabara kutazama ncha ya mshipa huo. Ncha ikiwa safi, mtoto ana nafasi nzuri sana ya kupona. Isipokuwa safi, itakuwa habari nyingine. Majibu huchukua wiki mbili.

Mwanangu alisema hapana. Alisema mtoto wa kike, jicho, watu watasemaje, hakuna sindano, hakuna vidonge? Na mimi, ambaye nilipaswa kumwambia anyamaze, nikaanza kazi yangu. Nikamhoji daktari kama waziri. Amefanya mara ngapi? Nani amesema ni saratani kabla maabara haijasema? Kuna vitabu gani? Nilitoa daftari. Mwanangu akanirukia kwamba ninamchosha daktari, nikamrukia kwamba anajali sura kuliko uhai, tukatoka hadi kwenye korido tukiendelea, watu wanageuka, yeye anapaza na mimi napaza. Na ninajua sasa kwa nini tulipiga kelele vile. Tulipokuwa tunabishana, lilikuwa bado halijaamuliwa.

Mkaza mwanangu akatoka chumbani kwa daktari, akatukuta pale.

"Nimeshatia sahihi. Keshokutwa, saa mbili asubuhi."

"Bila kuniuliza?" alisema mwanangu.

"Nimekuuliza nusu saa nzima. Ulikuwa unabishana na Mama."

Akapita katikati yetu, akaenda kukaa na mtoto.

Jumatano, 9 Aprili

Ameingizwa saa mbili na robo. Ametolewa saa nne kasoro.

Nilihesabu vigae vya ukuta wa korido. Mia nne na kumi na viwili. Nilivihesabu tena kuanzia upande mwingine.

Alhamisi, 10 Aprili

Ameamka na bandeji nusu ya uso. Akamwuliza mama yake nani kamfunga. Mama yake akamwambia ukweli wote, kwa maneno madogo: jicho lilikuwa gonjwa, lilikuwa halioni, madaktari wamelitoa ili ugonjwa usitembee. Jaji akafikiri.

"Na hili?"

"Hilo ni zima. Hilo ni lako."

"Basi nataka uji."

Mimi nisingeweza kumwambia vile. Ningeweka utangulizi.

Jioni nimeandika sahihisho, karatasi nimeiweka juu ya goti. Nimempigia mhariri nikamsomea.

"Dada, tulainishe kidogo. Tuseme kwamba wapo wataalamu wenye maoni tofauti."

"Andika nilikosea."

"Lakini heshima yako—"

"Heshima yangu imelala wodini na bandeji usoni. Andika nilikosea, andika fundi miwani alikuwa sahihi nami nikamtukana, na andika namna ya kufunika jicho, hatua kwa hatua. Weka kule kule ilikokuwa ile ya kwanza, kwa herufi zile zile. Na weka namba yangu ya simu. Kuna mama namtafuta."

Jumapili, 13 Aprili

Imetoka. Simu imelia mara kumi na moja. Tisa walitaka kunipa pole, mmoja alitaka kuniombea, mmoja alitaka kuniuzia mafuta ya macho. Yule mama hakupiga.

Jumatano, 16 Aprili

Wodi ina watoto tisa na vitabu viwili, kimoja hakina jalada. Nimeanza kuwasomea kila siku saa kumi. Siku ya kwanza niliwapanga mkekani kama maktabani, nusu yao wakawa wanajinyonga shingo, wengine wanasukumana. Mkaza mwanangu alitazama kidogo, akaja akawapanga upya bila kuniomba ruhusa. Waliofungwa jicho la kushoto wakae mwisho wa kushoto, kila kitu kiwatokee kulia kwao. Waliofungwa la kulia, mwisho wa kulia. Wenye macho yote mawili, katikati.

Sasa wanalindana wenyewe. "We, jicho lako lipo, nenda katikati!" "Hata mimi litatolewa kesho!" "Basi kesho ndiyo uje huku, leo katikati!"

Nacheka nao, kisha natazama kitanda cha mwisho, cha mtoto ambaye ncha yake haikuwa safi. Mama yake humgeuza atusikilize. Ninasoma kwa sauti ili imfikie. Siku nane zimebaki kabla ya majibu yetu.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imepungua. Siku sita.

Jumapili, 20 Aprili

Jaji ana homa. Daktari anasema ni mafua ya wodini. Nimemwuliza mara tatu, akanijibu mara tatu. Mwanangu amekaa nje kwenye ngazi, hali wala hasemi. Nimekaa naye. Hatukubishana chochote.

Jumanne, 22 Aprili

Simu imelia nikiwa kwenye foleni ya chai.

"Wewe ndiye yule wa ukurasa wa kulia?"

"Ndiye."

"Mimi ndiye niliyekushukuru!" Sauti ya mwanamke, inatetemeka kwa ghadhabu. "Nimeliona gazeti jana, limefungiwa maandazi! Nimemfunika mwanangu jicho akaanza kulia, nami nikaanza kulia, tumepanda basi alfajiri hatujanywa hata maji!"

"Wamesemaje?" Niliegemea ukuta. "Dada, tafadhali, wamesemaje?"

"Macho mazima! Yote mawili! Mtoto alilia kwa sababu mkono wangu ulikuwa na kitunguu! Una cheti cha udaktari wewe?"

"Sina."

"Una cheti cha ualimu?"

"Sina."

"Basi una nini?"

"Nina gazeti."

"Funga mdomo wako!"

"Ndiyo, dada."

"Na usiniite dada!"

Aliendelea. Ananijua sasa, na ukoo wangu, na kalamu yangu na pa kuiweka. Katika miaka thelathini ya kuandika nimetukanwa na mabingwa, na sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Sikukata mpaka alipochoka mwenyewe. Nikasema ahsante, akaanza upya.

Alhamisi, 24 Aprili

Majibu yalikuwa yatoke saa tatu. Saa nne hayajatoka. Saa tano daktari alipita mbio, hakututazama, na mkaza mwanangu akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Kiganja chake ni kigumu pale kidole gumba kinapokutana na mkasi.

Saa sita kasoro tuliitwa. Mwanangu alibaki kwenye benchi na Jaji. Alisema miguu imekataa. Tuliingia wawili. Nilikuwa na maswali saba daftarini.

Daktari alikuwa na karatasi mbele yake. Alisema, "Ncha ya mshipa ni safi."

"Sema tena," alisema mkaza mwanangu.

"Ni safi."

"Sema kama unamwambia mtu ambaye hajui kitu."

Daktari akachomoa kalamu kwenye nywele, akachora jicho, akachora mshipa, akakata mstari. "Ugonjwa uliishia hapa. Sisi tumekata hapa. Haukufika." Kisha akasema yaliyobaki: kumpima kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu, kwa miaka. Lile jicho la pili tutalichunga mpaka awe mkubwa. Hofu hii haiondoki, kumbe. Tutakaa nayo nyumba moja, tutaizoea kama mpangaji.

Nilifungua daftari. Mkaza mwanangu akanitikisia kichwa taratibu. Nikalifunga.

Tulipotoka mwanangu alitusoma nyuso kabla hatujasema, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kucheza. Jaji hakumwona. Alikuwa amejibana na kitoto kingine kisichotujua, kina bandeji kama yake, na kile kitabu kisicho na jalada kimelala mapajani mwao juu chini. Alikuwa anakisoma. Kulikuwa na simba ambaye hakuchorwa, na basi, na bibi mmoja mkali sana.

"Twende, mwanangu," alisema mama yake. "Twende nyumbani."

Jaji alinyanyua mkono bila kututazama.

"Ngojeni. Sijafika mwisho."

Tukasimama watatu pale koridoni, tukangoja.